Kupima mikoko ya hapa kwetu: tuhesabu nini hasa?

Binti_Mikindani

Salaam aleikum nyote. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya misitu. Sisi ni kikundi cha kina mama na vijana huku Mikindani, tunapanda na kulinda mikoko upande huu wa hori la Tudor, na kila mgeni anayekuja kutusaidia swali lake ni lile lile, mumepanda miche mingapi. Tunaandika, anapiga picha, anaenda zake. Sasa juzi mkutanoni kukazuka mzozo. Vijana wanasema msitu ushakomaa twende tukaombe ruhusa tukate miti kidogo tuuze tupate pesa ya kikundi, kina mama wengine wanasema msitu gani ulokomaa na kila usiku tunasikia mapanga huko ndani, mie nikakaa nikaona pande zote mbili zabishana na hakuna hata mmoja mwenye hesabu. Yaani tunajua miche tuliyopanda lakini msitu wenyewe hatujui uko vipi, una miti mingapi, mikubwa mingapi, inaongezeka ama inapungua.

Kwa hivyo nauliza: watu wa kawaida kama sisi tusio na mashine tunaweza kupima msitu wa mikoko vipi? Na tukishapima tutajuaje ni kiasi gani kinaweza kukatwa na msitu usiishe? Ule mkoko wenyewe wenye mizizi inayotokea juu juu ya shina unapimwa sehemu gani, maana hauna shina la kushika chini. Na hii biashara ya kaboni tunayosikia kutoka Gazi, kule Kwale, inaingia wapi hapa? Samahani kwa maswali mengi.

Mpima_Tope

Waaleikum salaam dada. Usiombe samahani, natamani kila kikundi hapa Mombasa kingeuliza hivi. Hesabu ya miche inaonyesha tu kwamba siku ile mulifanya kazi. Mche ukiliwa na kaa wiki ya pili, ama ukafunikwa na tope, ama ulipandwa pahali ambapo mkoko haujawahi kuota tangu zamani, kwenye ripoti bado unahesabika kuwa ni mti. Nimefanya kazi ya kupima mikoko huku kusini kwa muda, nitakueleza tunavyofanya, na vifaa vyake vyote utavipata Kongowea sokoni.

Mutahitaji kamba ndefu iliyopimwa na kutiwa alama, tepu ya fundi cherehani, rangi ya mafuta na brashi, daftari na PENSELI (wino ukiguswa na maji ya chumvi umepoteza kazi ya siku nzima), na simu yenye GPS. Nendeni siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kukupwa sana. Hapa Mombasa bamvua maji yanakupwa saa nne saa tano asubuhi, mwaingia nayo yakishuka na mwatoka kabla hayajarudi, mutapata masaa mazuri ya kufanya kazi mpaka kule mbele kwenye mililana, aina ya mikoko inayoota karibu na maji. Siku za maji mafu bahari haitoki sana na kule mbele hamutafika.

Hamuwezi kupima kila mti, na wala haihitajiki. Mwapima vipande, ndio ploti zenyewe, mita 10 kwa mita 10. Hekta moja ni ploti 100 za namna hiyo, kwa hivyo ukipata miti 12 ndani ya ploti ni sawa na kusema pahali pale pana miti 1,200 kwa hekta. Sasa ploti ziwekwe wapi, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu akiingia msituni macho yanampeleka kwenye miti mizuri, mikubwa, pakavu pa kusimama, anaweka ploti pale, halafu msitu mzima kwenye karatasi unakuwa mzuri. Fanyeni hivi: kabla hamujatoka nyumbani chukueni ramani ya simu, chora mistari kutoka ukingo wa maji mpaka nchi kavu, kila mstari weka ploti kwa umbali uleule, tuseme kila mita 50, na siku ya kazi nendeni pale pale GPS inaposema hata kama ni tope la magotini na mti ni mmoja. Ploti tupu nayo ni habari, muiandike.

Mistari lazima itoke majini kwenda nchi kavu kwa sababu mikoko imejipanga kwa aina. Mbele mlilana, halafu mkoko wenyewe, msinzi, mkandaa, halafu nyuma kule kwenye chumvi mchu. Ukipima nyuma peke yake utasema Tudor yote ni michu mifupi.

Ndani ya ploti kila mti andika aina yake na mzingo wake. Kawaida mwapima urefu wa mita 1.3 kutoka chini, usawa wa kifua. Lakini kwa mkoko, na hili ndilo swali lako, tafuta mzizi wa juu kabisa ulioshika shina, panda sentimita 30 juu yake, zungusha tepu pale. Piga mstari wa rangi pale pale ulipopima ili mwaka ujao mwenzako apime pahali pamoja, maana ukishuka kidogo tu utaambiwa mti umenenepa na haujanenepa. Mzingo gawa kwa 3.14 utapata kipenyo. Tepu ikisoma 31.4 basi mti una sentimita 10.

Miche midogo inayoota yenyewe msiidharau. Wataalamu wanaigawa makundi matatu, iliyo chini ya sentimita 40, ya sentimita 40 hadi 150, na ya sentimita 150 hadi 300. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba msitu unaojirudisha vizuri una kama 6 ya midogo kwa 3 ya kati kwa 1 ya mikubwa. Mukikuta midogo imejaa na ya kati hakuna, basi kuna kitu kinaua miche njiani, na kupanda mingine elfu pale pale hakutasaidia mpaka mujue ni nini.

Na visiki! Kila kisiki kwenye ploti kihesabiwe, aina yake na kipenyo chake. Nawaachia wazee waseme zaidi juu ya visiki.

Mzee_wa_Boriti

Nimesoma nimefurahi. Mwanangu wa Mikindani, mimi nimekata miti hii Lamu tangu ujana wangu, kwa leseni, na jahazi zilikuwa zikishusha hapa Mombasa bandari ya zamani. Nataka nikupe elimu ya wakataji maana wanaopima na wanaokata wakati mwingine hawasemezani.

Sisi mti hatuuiti sentimita. Tunao fito, ule mwembamba wa kufumia ukuta, halafu pau, halafu mazio, halafu boriti, halafu nguzo, na ule mnene kupita zote ni banaa. Twauza kwa korja, yaani miti 20. Kwa hesabu za wataalamu fito ni chini ya sentimita 4, pau 4 mpaka 8, mazio 8 mpaka 11 hivi, boriti 11 mpaka 14 hivi, nguzo 14 mpaka 20. Mukimaliza kupima hizo ploti zenu, ipangeni miti kwa madaraja haya, msiridhike na jumla. Jumla haisemi kitu. Msitu unaweza kuwa na miti elfu tatu kwa hekta na yote ni fito na pau, na mtu akiuona kutoka barabarani anasema mashaallah kijani kimejaa.

Boriti ndiyo soko. Nyumba za mawe za zamani hapa mjini Mombasa na kule Lamu dari zake ni boriti, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kwa hivyo mkataji akiingia msituni anatafuta boriti na mazio yaliyonyooka. Mti uliopinda anauwacha. Miaka ikienda hivyo, msitu unabaki na fito chini na mizee iliyopinda juu, katikati hamna. Hiyo ya katikati ndiyo ilikuwa iwe boriti ya kesho. Mukiona pengo katikati ya madaraja, msiulize tukate ngapi, ulizeni tupumzishe miaka mingapi. Na kila mti muandike pia kama umenyooka, umepinda kiasi, ama umepinda kabisa, ni alama 1, 2, 3 tu na haichukui muda.

Sasa visiki. Kisiki kipya utaona mbao yake bado ina rangi na alama ya panga ni kali ama msumeno umelainisha. Kisiki cha zamani kimekuwa cheusi na chaza wameshika. Andika kipya na cha zamani mbali mbali. Na jambo kubwa sana: mchu ukiukata unachipua tena pembeni, mlilana pia, lakini mkoko mkubwa ukikatwa chini basi umekufa, hauchipui. Kwa hivyo kisiki cha mkoko ni mti uliokwenda moja kwa moja, utarudi kwa mche peke yake.

ramani_pwani

Shikamoo mzee, hii ya kupanga kwa madaraja ya boriti na pau ni dhahabu.

Mimi niko upande wa setilaiti, naongeza kidogo ili kikundi kisiuziwe maneno na watu wa programu. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu miaka ya 80 na ni za bure, kila pikseli (nukta moja ya picha) ni mita 30 kwa 30. Setilaiti nyingine, Sentinel-2, ni mita 10 kwa 10 na inapita kila baada ya siku 5, nazo bure. Hizo picha ni nzuri sana kwa kitu kimoja, eneo. Msitu umeishia wapi, wapi pamekuwa peupe, wapi watu wamejaza mawe wakajenga. Ukitaka kuona hori la Mwache lilivyopoteza mikoko baada ya mvua za El Niño za 1997 na 98, mchanga ulivyoshuka ukafunika mizizi mpaka miti ikafa imesimama, picha zinaonyesha wazi.

Lakini setilaiti inaona majani ya juu. Mtu akiingia akachagua boriti moja hapa moja pale, majani ya jirani yanaziba tundu na kwenye picha msitu ni ule ule. Nimeshaona ramani inasema eneo halijapungua hata kidogo na huko ndani visiki ni vingi kuliko miti. Kwa hiyo picha zichukueni kwa eneo, halafu ploti zenu ziseme hali ya ndani. Kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine. Ah, na mawingu ya hapa pwani yanasumbua, chagueni picha za Januari Februari.

Kwa faida ya wanaosoma, mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa 2017 hadi 2027 unataja Kenya nzima ina hekta 61,271, Lamu peke yake 37,350, Kaunti ya Mombasa 3,771. Yetu ni ndogo, na iko katikati ya mji, kwa hivyo kila hekta hapa ina watu wengi wanaoitegemea na wengi wanaoitamani.

Chaza_Tudor

Naheshimu yote mulosema lakini mimi nasema ukweli wangu. Nimezaliwa Tudor, navua hapa. Hapa si Lamu. Hapa mikoko inamalizwa na kuni za kupikia chang'aa, na maji machafu ya mji mzima yanashuka humu, na plastiki imelala juu ya mizizi mpaka mche haupati pa kushika. Wakija watu na tepu wanapima miti, wanaandika, wanaondoka, na mwenye panga anaingia usiku. Kupima kunazuia nini? Hiyo nguvu ya kwenda na daftari ingetumika kulinda zamu.

Mpima_Tope

Ndugu yangu Chaza hasira yako naielewa na uko sahihi kwamba daftari halimshiki mtu mkono. Ila hebu fikiri, zamu mutaweka wapi? Hori ni refu na watu wenu ni wachache na wana kazi zao. Ploti zikipimwa zinasema wizi uko sehemu gani na ni wizi wa nani. Ukikuta matawi ya mchu yamekatwakatwa, yaliyopinda na yaliyonyooka pamoja, na visiki vya kila unene, hizo ni kuni, anayekata hajali umbo. Ukikuta visiki vipya vya mkoko na mkandaa vyote sentimita 8 mpaka 14 na iliyopinda imeachwa imesimama, huyo ni mtu wa ujenzi, ana oda, ana gari linamsubiri barabarani. Ni watu wawili tofauti na dawa zao ni mbali mbali. Wa ujenzi anaweza kupewa mivinje, inakua haraka na inapandwa shambani nchi kavu, kule Gazi wamepanda mivinje makusudi ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kuingia baharini. Wa kuni za biashara unahitaji chifu na wazee wa mtaa na pengine meko yanayokula kuni kidogo. Mukiwatibu wote kwa dawa moja hamutapata mafanikio.

Na mche kutoshika kwa sababu ya plastiki ama maji machafu, hilo nalo linaonekana kwenye ile hesabu ya makundi matatu ya miche. Midogo ipo, ya kati hamna. Ukienda ofisini na hesabu hiyo kwa ploti ishirini, yenye tarehe na GPS, mtu hawezi kukuambia unasema tu kwa hisia.

mwanafunzi_misitu

Habari zenu. Nasoma mambo ya misitu na hili ndilo swali ninalolipenda, tukate kiasi gani. Nijibu kwa mfano wa kubuni tu, namba si za Tudor, muweke zenu.

Msingi wake ni kwamba mwakata kile kilichoongezeka, kile kilichokuwepo mwakiacha. Kwa hivyo kipimo cha mara moja hakiwezi kuwapa jibu, hata kiwe kizuri vipi. Kinawapa hali ya siku ile. Mukirudi kwenye ploti zile zile, miti ile ile, alama ile ile ya rangi, ndipo mwajua mwendo. Tuseme mumerudi baada ya mwaka na mukaona kwa kila hekta mazio 10 yamenenepa yakawa boriti. Boriti mbili zimekufa zenyewe kwa upepo ama wadudu. Visiki vipya vya boriti mumehesabu 9. Basi 10 toa 2 toa 9, mushaingia hasara ya boriti 1, na kikundi chenyewe bado hakijakata hata mti mmoja. Yaani mgao wa halali wote umeshaliwa na wizi na mukiongeza leseni juu yake mwakula mtaji.

Dada Binti_Mikindani naona hili linajibu mzozo wa mkutano wenu. Vijana wanaweza kuwa kweli wana haki kwamba msitu unakua, na kina mama wana haki kwamba unakatwa, na vyote viwili vinaingia kwenye hesabu moja. Wizi ukishuka kutoka 9 mpaka 3 hapo mumebakiwa na 5, na hata hizo 5 mimi ningeshauri musichukue zote kwa sababu msitu wa mjini una mashaka mengi, mwaka wa mvua kubwa unaweza kuleta mchanga ukaua miti ambayo hamukuipangia.

Kuhusu sheria, mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la 1932, na kusafirisha miti yake nje ya nchi kulipigwa marufuku 1982. Kukata bila leseni ya KFS (shirika la misitu la Kenya) ni kosa hata kama mche uliupanda kwa mkono wako. Njia iliyopo ni ya Sheria ya Misitu ya 2016, mwajisajili kuwa CFA (chama cha misitu cha jamii) ama mwaingia kwenye CFA iliyopo, munatengeneza mpango wa usimamizi pamoja na KFS, munatia saini makubaliano. Ule mpango hauwezi kuandikwa vizuri bila hesabu kama hizi, kwa hivyo kazi hii haipotei.

Binti_Mikindani

Mashaallah, sikutarajia majibu kama haya. Mzee wa Boriti, Mwenyezi Mungu akupe umri. Nimemsomea mwenyekiti wetu ile ya 10 toa 2 toa 9, akanyamaza kisha akasema hii tuipeleke mkutanoni tuichore ubaoni.

Bado la kaboni. Kuna mtu alitufuata akasema tukiweka saini atatuuzia kaboni ya msitu wetu na pesa zitaanza kuingia. Sikumuelewa anauza nini hasa.

Mpima_Tope

Musiweke saini kwanza dada.

Kinachouzwa ni tani za hewa ya kaboni (CO2) ambazo msitu unazivuta ama unazizuia zisitoke, kuliko ambavyo ingekuwa kama hamungefanya kitu. Hilo neno kuliko ndilo kila kitu. Lazima muonyeshe ingekuwaje bila nyinyi, halafu imekuwaje na nyinyi, na tofauti ndiyo bidhaa.

Hesabu yake inaanzia kwenye tepu ile ile ya fundi cherehani. Kuna fomula zinazogeuza kipenyo kuwa uzito wa mti bila kuukata. Moja inayotumika sana kwa mikoko inachukua kipenyo ikakipandisha kwa kipeo cha 2.46, ikazidisha na uzito wa mbao ya aina ile kwa ujazo wake na 0.251. Mkoko wa sentimita 10 unatoka kama kilo 58 za mti mkavu juu ya ardhi. Wa sentimita 20 unatoka kama kilo 318. Kipenyo kimezidi mara mbili, uzito umezidi zaidi ya mara tano. Ndio maana nguzo chache zinazolindwa zina kaboni kuliko uwanja mzima wa miche mipya, na ndio maana kuuliza miche mingapi peke yake ni swali dogo. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na kaboni ukiizidisha na 3.67 unapata hewa ya kaboni yenyewe. Halafu kwa mikoko sehemu kubwa kabisa iko chini kwenye tope, wataalamu wanatoboa mpaka mita moja na zaidi kuchukua sampuli, hiyo ni kazi ya maabara, hapo mutahitaji watu wa KMFRI (watafiti wa bahari) wako hapo hapo Mkomani, ama KEFRI (watafiti wa misitu) wa Gede.

Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi ndio wa kwanza duniani kuuza kaboni ya mikoko namna hii kupitia jamii. Eneo lao ni hekta 117 na huuza kama tani 3,000 kwa mwaka chini ya Plan Vivo, utaratibu wa kimataifa wa kuthibitisha kaboni ya jamii, pesa zinaingia kwenye maji, shule, na kazi za kijiji, na 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wa Vanga wamefuata na hekta 460. Tafadhali ona ukubwa wake: tani 3,000 ni pesa ya kuleta maji kijijini, lakini si ya kugawana nyumba kwa nyumba ikamtosha mtu. Anayewaambia mutatajirika hajawaonyesha hesabu. Na kabla ya hekta 117 kuuzwa kulikuwa na miaka ya watafiti na wanakijiji kupima na kupanda pale Gazi, haikuanza kwa saini.

Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa 2023, miradi ya kaboni ya ardhi lazima iwe na makubaliano na jamii na jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Muulizeni huyo mtu kama karatasi yake inasema hivyo, na muulize ploti zake ziko wapi. Kama hajapima, anauza nini?

Mzee_wa_Boriti

Nakazia hilo. Na nataka nirudi kwa mdogo wangu Chaza. Wewe mvuvi unajua hori kuliko sisi sote. Kikundi kikienda kupima nenda nao. Kamba na kaa unaowavua wanalelewa kwenye mizizi ile, na wewe ndiye utakayewaambia pale palikuwa na mililana mpaka wapi miaka ya nyuma, setilaiti itasema eneo lakini haitasema mti gani ulisimama.

Jambo jingine, mukiamua kupanda, pandeni palipokatwa, na aina ile ile iliyokuwepo. Visiki vitawaambia. Naona watu wanachukua mbegu za mkoko kwa sababu ni ndefu na rahisi kuchomeka kwenye tope, wanapanda kila pahali, mpaka kule mbele kabisa kwenye mchanga wa mlilana ambako mawimbi yanaing'oa, na mpaka juu ya nyasi za baharini ambazo nazo zina kazi zao. Pale mchu ulipokufa panda mchu. Na pahali penye miche inayoota yenyewe kwa wingi, lindeni tu musipande.

Chaza_Tudor

Nimekuelewa mzee wangu. Mtumbwi wangu upo. Binti niambie bamvua gani mwaenda niwavushe upande wa pili, kwa miguu hamutafika kule ndani. Na swali langu ni moja, hizo ploti mutaziwekea bendera? Kwa sababu mwenye panga akiona bendera atazikwepa, atakata pembeni, na ninyi mutakuwa mwapima pale asipogusa.

mwanafunzi_misitu

Chaza umegusa jambo muhimu sana. Bendera hapana, na bango hapana. Kona za ploti ziwe na alama ndogo chini, kipande cha bomba kilichozama kwenye tope, na GPS iwe kwa watu wachache wa kikundi. Ile rangi ya kipimo iwe mstari mwembamba upande wa ndani ya shina. Hata walinzi wa zamu si lazima wajue ploti ziko wapi, vinginevyo watazilinda hizo kuliko kwengine na hesabu itadanganya kwa upande mwingine. Daftari lipigwe picha kila mukirudi nchi kavu, nakala ikae kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja.

Ploti ngapi? Kwa kuanzia ishirini zinatosha kuonyesha picha ya sehemu yenu, mukiona namba zinatofautiana sana ploti kwa ploti ongezeni. Bora chache mutakazoweza kurudia kila mwaka kuliko mia moja mutakazopima mara moja mukachoka.

Binti_Mikindani

Tumekubaliana bamvua inayokuja, inshallah. Chaza nimekutumia namba kwa ujumbe wa faragha. Kamba tunayo, rangi tutanunua, mistari tayari nimeanza kuichora kwenye ramani na mwanangu. Yule mtu wa kaboni nimemuandikia nimemuuliza ploti zake na ile asilimia 40, bado hajajibu. Na ile fomu ya wafadhili ya idadi ya miche robo hii nimeijaza, lakini nyuma yake nimeongeza karatasi yetu wenyewe yenye safu za aina, daraja, umbo, visiki vipya na visiki vya zamani, bado tupu, ili wafadhili wajue robo ijayo tutawaletea nini.